Mwenye nyumba naye ni mdau

Andiko la mradi huwa limeshapitishwa kabla sisi watu wenye ulemavu hatujaitwa. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi nikialikwa kwenye kikao cha wadau, namuuliza kwanza anayenipigia simu kama mkataba wa fedha umeshasainiwa. Akisema umesainiwa, nakwenda, lakini najua ninachokwenda kufanya: kusikiliza, kuuliza swali moja au mawili, kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio na kupigwa picha ya pamoja. Akisema bado, naahirisha shughuli zangu zote.

Natembea kwa magongo tangu utotoni. Kwa muda mrefu nimekuwa katibu wa kikundi cha watu wenye ulemavu katika mtaa wa watu wa kipato cha chini, ile mitaa ya vyumba vya kupanga vilivyobanana, yenye vichochoro ambavyo maji machafu hupita katikati. Baadaye miradi ikaanza kuniajiri kama mwezeshaji, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza: upande wa walengwa na upande wa wanaoandika ripoti. Sijakutana na watu wabaya wengi katika pande hizo. Kinachotuponza zaidi ni kalenda.

Mfadhili hutangaza fedha na kutoa wiki chache za kuwasilisha maombi. Shirika linaloomba lina mtu mmoja anayejua kuandika maandiko, naye hukesha akijaza bango kitita, yaani jedwali la mpango wa mradi: lengo kuu, matokeo, shughuli, viashiria, idadi ya walengwa. Fedha ya kuzunguka mtaani kuwauliza watu hana, kwa sababu fedha ndiyo hiyo anayoiomba. Basi huandika alichokiona kwenye mradi uliopita, au anachojua mfadhili hukipenda. Miezi ikipita fedha hutoka, na shughuli ya kwanza kwenye ratiba inasomeka "kushirikisha wadau". Tunaitwa kushiriki katika jambo ambalo viti mwendo vyake vimeshahesabiwa na semina zake zimeshapangiwa siku.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuanza kutumika Mei 2008, hautaki hivyo. Kifungu cha 4(3) kinazitaka serikali zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia mashirika yanayowawakilisha. Kifungu cha 32 kinagusa fedha za wahisani moja kwa moja: misaada na programu za maendeleo za kimataifa ziwe jumuishi na zifikike kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 kamati inayosimamia mkataba huo ikatoa Maoni ya Jumla Na. 7, ikaeleza kwamba shirika linaloongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe si sawa na shirika linalowahudumia, na kwamba wakati wa kushauriana lile la kwanza ndilo litangulizwe. Maoni hayo nimeyachapisha, nayo husafiri nami kwenye begi. Yameshaniokoa kwenye kikao ambako mkurugenzi wa kituo cha huduma alikuwa amehesabiwa kama sauti yetu.

Ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1980, mjini Winnipeg nchini Kanada, shirika la Rehabilitation International lilifanya kongamano lake kubwa. Wajumbe wenye ulemavu waliomba nusu ya nafasi za uongozi wa shirika hilo, lililokuwa mikononi mwa wataalamu wa utengemao, yaani wa kuwarudishia watu uwezo wa mwili. Wakakataliwa. Hawakurudi nyumbani kulalamika. Mwaka uliofuata walikutana Singapore wakaanzisha shirika lao wenyewe, Disabled Peoples' International. Kisa hiki huwa nawasimulia wanachama wapya wa kikundi, hasa wale wanaodhani kuomba kiti kwenye kamati ni kukosa shukrani.

Sasa niingie mtaani.

Mradi mmoja ulianza kwa kuhesabu watu. Vijana wenye vishikwambi waligonga milango wakauliza, "Hapa kuna mlemavu?" Mlango baada ya mlango walijibiwa hapana. Nyumba moja kati ya hizo naijua vizuri. Ndani yake kulikuwa na binti asiyesema, ambaye mama yake humfungia chumbani akienda kibaruani. Mama huyo si mkatili. Amepangishwa kwa masharti, na mpangaji mwenye mtoto anayepiga kelele usiku hatafutiwi sababu nyingine ya kufukuzwa.

Tuliomba vijana wale watumie maswali sita ya Kundi la Washington, ambalo liliundwa mwaka 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa. Maswali hayo hayataji neno ulemavu kabisa. Yanauliza kama mtu anapata shida kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha kusaidia kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kutuliza akili kwenye jambo moja, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yake ya kila siku. Anajibu hana shida, anapata shida kidogo, anapata shida sana, au hawezi kabisa. Vilevile tuliomba waulizaji wawe watu wa mtaani, wawili wao wanachama wetu.

Majibu yalibadilika. Wakatokea bibi vizee wanaopapasa ukuta hadi chooni, wanaume waliokatwa miguu kwa ugonjwa wa kisukari, mafundi waliopoteza macho kazini. Idadi ikapita ile iliyoandikwa kwenye andiko, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa maana afisa mradi alitaka kuwatoa wazee. "Walengwa wetu ni watu wenye ulemavu," alisema, "wazee wana miradi yao." Mwenyekiti wetu, ambaye haoni, alimjibu kwa upole kwamba yeye naye anazeeka, akauliza atahamishiwa mradi mwingine siku gani. Wazee wakabaki. Niseme pia kwamba maswali hayo sita yana upungufu wake: mtu mwenye ulemavu wa kisaikolojia, anayetembea, anayeona na anayesikia vizuri, huweza kupita katikati yake bila kuonekana. Kwa watoto nako yapo maswali mengine yaliyotayarishwa na kundi hilo pamoja na UNICEF. Anayetumia sita tu kisha akasema amemfikia kila mtu anajidanganya.

Kikao cha vipaumbele kilifuata. Bajeti ilikuwa na mkalimani mmoja wa lugha ya alama kwa saa chache, na mkalimani mwenyewe alikuwa amesomea kazi yake. (Hata hivyo mkalimani mmoja hatoshi. Wakalimani hufanya kazi wawiliwawili na kupokezana kila baada ya dakika ishirini hivi, kwani akili huchoka na makosa huingia. Wafadhili hulipa mmoja na kushangaa kwa nini mchana viziwi wanasinzia.) Kilichotushinda kilikuwa kingine. Baadhi ya viziwi waliokuja hawakuwahi kukanyaga shule. Walikulia ndani ya familia zisizojua lugha ya alama, wakatengeneza alama zao na mama zao na ndugu zao. Mkalimani alipofanya kazi yake walimtazama, wakatikisa vichwa kwa adabu. Kwenye ripoti hilo lingeandikwa kwamba viziwi walishiriki.

Aliyeokoa siku ni mwanachama wetu mmoja, fundi cherehani, kiziwi aliyesoma shule ya viziwi. Aliomba asimame kati ya mkalimani na wenzake. Akipokea kutoka kwa mkalimani, anageuza kuwa maigizo, anaonyesha vitu kwa kidole, anachora sakafuni kwa chaki: nyumba, kichochoro, choo, mwezi. Jambo la dakika tano lilichukua karibu nusu saa, na watu wasio na ulemavu wakaanza kutazama saa zao. Ndipo dada mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alipoinuka akachukua chaki. Alichora mlango usio na komeo. Akajichora mwenyewe ndani, kisha mtu mwingine nyuma ya mlango. Akagusa masikio yake.

Hatukuhitaji mkalimani kuelewa. Choo cha nje kinachotumiwa na wapangaji wote wa uwani, kisichofungwa kwa ndani, ni hatari kwa mwanamke yeyote usiku. Kwa asiyesikia mtu anapokaribia, hatari hiyo ni mara mbili. Walipoanza kusema na wengine, ikaonekana kila ulemavu una kesi yake na choo hichohicho. Anayetambaa huingia kwa viganja vyake. Asiyeona haijui sakafu ilivyolowa. Mama wa kijana mwenye mtindio wa ubongo humbeba mgongoni mwanawe ambaye sasa ni mzito kuliko yeye. Na mradi ulikuja na viti mwendo.

Siwadharau wanaotoa viti mwendo, maana kiti kinachofaa hubadilisha maisha ya mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kuhusu viti mwendo vya mkono katika mazingira yenye rasilimali chache, na utoaji wa huduma ndani yake una hatua nane, kuanzia rufaa na upimaji hadi kukifanyia kiti marekebisho mwilini mwa mtumiaji, kumfundisha kukitumia, na kukitengeneza kikiharibika. Miradi mingi niliyoiona huanzia hatua ya katikati na kuishia hapohapo: kiti kinatolewa, picha inapigwa. Viti vya aina ya hospitali, vyenye magurudumu madogo ya mbele, huzama kwenye matope au kunasa kwenye mfereji. Tulichukua kamba, tukaifunga fundo kwenye upana wa kiti kilichokuwa stoo, tukatembea nayo vichochoroni pamoja na afisa mradi. Katika sehemu nyingi kamba ya upana ule iligusa kuta zote mbili kabla kiti hakijapata nafasi ya mikono inayosukuma. Kamba ile ilimshawishi kuliko hotuba zetu zote.

Wafadhili wengi huruhusu sehemu ndogo ya fedha ihamishwe kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine bila kuomba kibali. Ikizidi hapo lazima waandikiwe na wakubali kwa maandishi. Watu wa mtaani hawaambiwi hili, nami nisingelijua kama nisingekaa upande wa pili wa meza. Unapoambiwa "bajeti haibadiliki", uliza haibadiliki kwa kiasi gani, na nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha. Safari hii barua iliandikwa, ikajibiwa, idadi ya viti ikapunguzwa, vilivyobaki vikawa vya magurudumu matatu vinavyohimili njia mbovu, na fedha iliyopatikana ikaenda kwenye vyoo.

Na hapo ndipo tulipokutana na mdau ambaye hakuna orodha iliyokuwa na jina lake.

Kwenye kila ramani ya wadau niliyoiona wamo serikali ya mtaa, wahudumu wa afya, walimu, viongozi wa dini, vikundi vya wanawake, polisi, na sisi. Mwenye nyumba hayumo. Lakini katika mitaa yetu karibu kila kitu mtu mwenye ulemavu anachokigusa ni cha mwenye nyumba: kizingiti cha mlango, uwanja, bomba, choo, ukuta wa kufungia kishikio. Vyoo vya kwanza vilijengwa kwa barua ya serikali ya mtaa na ridhaa ya wapangaji. Mafundi wakapanua milango, wakaweka vishikio na makomeo, wakaondoa ngazi. Tulivizindua kwa utepe.

Haukupita muda mrefu, kimoja kikawekewa kufuli. Nilimfuata mwenye nyumba, bibi mmoja mjane anayeishi kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Alinikaribisha nikae kwanza, akanitazama ninavyoegesha magongo.

"Mwanangu," akasema, "mmekuja na mafundi, mmevunja ukuta wangu, mmejenga. Haya, ahsanteni. Sasa shimo likijaa nani analipia kulinyonya? Maji ya kusafishia nani analipa? Wapangaji wa nyumba tatu za jirani wote wanakuja hapa kwa sababu choo ni kizuri."

"Bibi, mradi ulidhani..."

"Mradi haulali hapa. Ninalala mimi."

Sikuwa na jibu la kumpa, wala mradi haukuwa nalo. Uwani kwingine mambo yalikuwa mabaya zaidi: choo kikaboreshwa, thamani ya vyumba ikapanda, kodi ikapanda nayo, na mpangaji wa kwanza kushindwa kulipa akawa ndiye yule mwenye kiti mwendo ambaye choo kilijengwa kwa jina lake. Alihamia mbali zaidi, kwenye kodi nafuu na choo kibovu. Kwenye ripoti ya robo mwaka bado alihesabika kama mnufaika, kwa vile kiashiria kilikuwa idadi ya vyoo vilivyokamilika.

Awamu iliyofuata tuling'ang'ania wenye nyumba waitwe mapema. Haikuwa rahisi kuwapata. Wengi hawana hati za viwanja vyao, na wakisikia kikao chenye watu wa serikali wanafikiria kodi ya majengo au bomoabomoa. Tulikutana nao jioni, bila maofisa, kwanza kwa mmoja mmoja na baadaye pamoja. Wengine hawaishi hapo. Wametuma wasimamizi ambao hawana madaraka ya kukubali chochote, nasi tukatumia simu na uvumilivu. Tulipoacha kuwahutubia kuhusu haki na kuanza kuwauliza kinachowagharimu, walisema mengi. Gharama ya kunyonya shimo. Wapangaji wanaohama na deni la maji. Hofu kwamba uwanja ukishajengewa na mradi, mradi utadai ni wake.

Tulichotoka nacho ni makubaliano ya ukurasa mmoja, yaliyosomwa kwa sauti mbele ya mjumbe wa serikali ya mtaa na mpangaji husika. Mwenye nyumba anatoa eneo, nalo linabaki lake. Mradi unatoa vifaa, ufundi na gharama ya kunyonya shimo kwa mara ya kwanza. Kodi haipandi kwa sababu ya choo katika kipindi kilichoandikwa. Ufunguo mmoja unakaa kwa familia yenye mtu mwenye ulemavu. Zamu ya usafi inaandikwa ukutani. Wako waliokataa, na tuliwaacha. Mmoja alikubali kwa sharti kwamba fundi awe wake, na nashukuru alisisitiza, kwani fundi yule ndiye aliyegundua tatizo ambalo mchoro wa mhandisi haukulionyesha.

Maeneo yetu maji ya ardhini yako juu. Vyoo vingi hujengwa vimeinuliwa, karibu nusu mita, shimo lisijae maji wakati wa mvua. Mchoro ulitaka njia ya mteremko yenye uwiano wa 1 kwa 12, kipimo kinachotumika sana kwa mtu wa kiti mwendo: kila sentimita moja ya kupanda ipewe sentimita kumi na mbili za urefu. Nusu mita ya kupanda inadai mita sita za mteremko. Uwanja wenyewe haukuwa na mita sita kutoka choo hadi geti. Mafundi wengine hutatua hili kwa kujenga mteremko mfupi na mkali, ambao kiti kikianza kuushuka hakisimami. Huyu aliita watu wa uwani wote, akachora ardhini kwa kijiti njia inayozunguka pembe mbili, ikila sehemu ya kuanikia nguo. Sasa wanawake wanaofulia uwani nao wakawa wadau, na walikuwa na hasira. Mjadala ulikwenda hadi giza likaingia. Mwisho kamba za nguo zilihamishiwa juu ya mteremko wenyewe, kwenye nguzo ndefu, kiasi cha kiti kupita chini. Hakuna mtaalamu wa mbali ambaye angefikiria hilo.

Kuhusu posho nitasema kifupi, maana ni jambo linalotia watu joto. Wako wanaosema posho imeharibu ushiriki, kwamba watu huja kufuata fedha. Wengi wao hulipwa mshahara kuhudhuria kikao hichohicho. Mama anayefua nguo za watu akikaa kikaoni asubuhi nzima, siku yake ya kazi imekufa, na mtu wa kumwangalia mtoto wake amelipwa au amekopwa. Asiyeona anakuja na mwongozaji, kwa hiyo nauli ni mara mbili kila upande. Usipolipa hayo, watakaokuja ni wenye uwezo wa kuja, na baada ya muda utakuwa na kundi dogo la wadau wa kudumu ambao sura zao zimo kwenye picha za miradi yote. Nami nimo, na hatufanani na mtaa. Sisi wenye ulemavu wa viungo tuliosoma kidogo ndio tunaosikika kwenye vyama. Wanawake ni wachache, na watu wenye ulemavu wa akili au wa kisaikolojia hutajwa zaidi kwenye katiba ya kikundi kuliko wanavyoonekana kwenye viti. Tunachofanya sasa ni kulipa kiwango kimoja kinachotangazwa hadharani, nauli ya msaidizi ikiwa kifungu chake, na kuweka kikomo cha mara ambazo mtu mmoja atatuwakilisha nje mfululizo. Kikomo hicho kilinigusa mimi kwanza, na sikukipenda.

Wazazi nao wana sehemu yao, ila ina mipaka. Nimesikia mama akisema kwa niaba ya mwanawe wa kiume mwenye ulemavu wa akili, mtu mzima mwenye ndevu, kwamba hataki kazi, anataka kukaa nyumbani salama. Tulimuuliza kijana mwenyewe, polepole, kwa picha. Alichagua picha ya mtu anayesukuma mkokoteni. Mama alikuwa na hofu ya kweli na kijana alikuwa na hamu ya kweli. Kilichotakiwa ni kuwasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa nafasi yake, bila hofu ya mmoja kuandikwa kama uamuzi wa mwingine.

Huko juu nako mambo yanasogea. Tangu 2018 nchi wahisani zilizo kwenye kamati ya misaada ya OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, zina alama ya hiari ya kuonyesha kama mradi umezingatia watu wenye ulemavu: sifuri, moja au mbili. Aprili 2025, kwenye mkutano wa dunia kuhusu ulemavu uliofanyika Berlin, lilitolewa azimio la kutaka angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo za kimataifa katika kila nchi ziwe na ujumuishi wa watu wenye ulemavu kama lengo. Nafurahi, ila naogopa. Lengo la asilimia likija kwa kasi, njia rahisi ya kulifikia ni kuongeza aya moja kwenye andiko na kututafutia viti vya mbele kwenye uzinduzi. Choo chenye kufuli kingepata alama nzuri kabisa kwenye fomu ya aina hiyo.

Watathmini wa nje ndio wangetegemewa kulibaini hilo, lakini wengi huletwa na gari la mradi, hutembezwa na afisa wa mradi, na huwauliza watu maswali afisa huyo akiwa amesimama hatua tatu nyuma yao. Nani atasema ukweli? Tumeanza kuomba, kabla ya tathmini, tupewe siku moja mtathmini atembee na sisi peke yetu. Wengine hukubali mara moja. Wengine huomba ruhusa, na ruhusa ikichelewa tunakuwa tumeshapata jibu letu.

Sasa hivi kuna rasimu ya andiko jipya ambalo, kwa mara ya kwanza, tumeletewa bajeti yake kabla haijatumwa. Tulikaa nayo kama kikundi, fundi cherehani wetu akiwa na wakalimani wawili wa kupokezana waliolipwa kutoka mfuko wetu mdogo. Tumeongeza ukalimani wa viziwi kwa viziwi, nauli za wasaidizi, vikao vya jioni na wenye nyumba, na fedha ya vipuri vya viti mwendo kwa fundi wa mtaani hata baada ya mradi kufungwa. Tumekata semina mbili za hotelini. Afisa anayeandika andiko amerudisha swali moja tu: anataka kujua kwa nini wenye nyumba, ambao si maskini, walipiwe gharama ya kunyonya shimo. Tumemwalika aje jioni moja, azungumze na yule bibi mwenyewe.